Kovu la moyo si nyama iliyokufa: maswali yenu kuhusu stima ya moyo

Tangu niandike juu ya moyo kuenda mbio toleo lililopita simu yangu haijatulia, meseji zinaingia mpaka usiku na wengine wamenitumia picha za karatasi za ECG (ule mchoro wa stima ya moyo) kabisa. Siwezi kusoma ECG ya mtu hapa kwa jarida, hio ipelekwe kwa daktari aliyekuekea chombo kifuani akakusikiza. Lakini nimesoma kila barua, na nyingi zilikua zinazunguka kitu kimoja ambacho watu hawaongelei sana hata darasani, zile seli za moyo ambazo si misuli. Mimi nafundisha mambo ya mwili, na hizo seli ndio napenda kuliko zote, kwa hivo leo mtanivumilia nikirefusha.

SWALI: Mwalimu habari yako. Mimi ni fundi wa stima hapa Umoja, miaka 15 sasa nashika waya na mita. Mamangu alipata shambulio la moyo mwaka juzi, tukashukuru Mungu akapona, lakini siku hizi moyo unaanza kuenda mbio ghafla halafu unatulia. Wakampiga picha wakasema kuna kovu upande wa kushoto na hilo kovu ndio linasumbua stima ya moyo. Hapo ndio nilichanganyikiwa. Kovu si ni nyama imekufa? Sasa kitu imekufa inasumbua stima aje? Waya ikikatika taa inazima tu, haianzi kuwaka-waka yenyewe. (Fundi, Umoja)

JIBU: Fundi, pole sana kwa mama, na asante manake hili swali lako ndio lilinifanya nichague mada ya leo. Nianze na hapo mwisho. Wewe unajua kuliko mimi kwamba waya iliyokatika kabisa haikusumbui, unaiona, unaiunga. Ile inakutoa jasho ni waya iliyolegea ndani ya ukuta, inashika, inaachia, taa zinapepesa, na ukija kupima unakuta kila kitu kiko sawa. Kovu la moyo liko hivo.

Moyo hauna waya wa shaba. Kila seli ya misuli ya moyo ni betri yake mwenyewe, ikiwa imetulia ndani yake kuna chaji hasi kama milivolti 80 au 90 ukilinganisha na nje. Ikiguswa na jirani yake inafungua geti za sodiamu, sodiamu inaingia kwa fujo, ndani panageuka kuwa chanya kwa muda mfupi sana, halafu nayo inamgusa jirani anayefuata. Wanagusana kupitia vitundu vidogo sana vilivyojengwa na protini inaitwa koneksini, na kwa vyumba vya chini vya moyo ile ya namba 43 ndio nyingi. Stima ikifuata urefu wa nyuzi za misuli inaenda kama nusu mita kwa sekunde, ikikata kando inaenda polepole zaidi. Ndio kusema hata moyo mzima hauna njia moja ya kasi moja, kuna uelekeo rahisi na uelekeo mgumu.

Sasa mama alipopata shambulio, mshipa uliziba, kipande cha misuli kikakosa oksijeni kikafa, na misuli ya moyo ikifa haimei tena kama ngozi ya kidole ulichojikata. Hapo ndio wanaingia hawa ninaowapenda, faibroblasti, seli za tishu unganishi. Wanakimbilia pale, wanabadilika wanakua wakubwa na wenye nguvu ya kujikaza (wakifika hapo tunawaita mayofaibroblasti) na wanamwaga kolajeni, zile kamba ngumu ambazo pia ziko kwa kano na kwa ngozi. Fundi, naomba uelewe hii vizuri kabla hujalichukia hilo kovu: ukuta wa moyo unapigwa presha kama mara 100,000 kwa siku, na pale palipokufa bila kushikwa na kolajeni pangeweza kupasuka siku za kwanza kabisa. Hilo kovu ndilo lilimwacha mamako hai.

Lakini kolajeni haipitishi stima. Na kovu mara nyingi si ukuta mzima uliojengwa sawasawa, ndani yake kunabaki nyuzi za misuli hai zilizoponea, nyembamba, zimetenganishwa na kolajeni kila upande. Stima ikifika hapo haigongi ukuta ikaishia, inapenya. Mwaka 1993 Jacques de Bakker na wenzake kule Uholanzi walichukua vipande vya misuli kutoka kwa mioyo iliyotolewa kwa wagonjwa waliopandikizwa mingine, mioyo yenye makovu ya shambulio, wakafuata stima ikipita ndani hatua kwa hatua, na wakakuta inaenda zigizaga, inazunguka huku inarudi kule, kwa hivo safari fupi inakua ndefu sana. Ni kama matatu ikikuta Jogoo Road imeshikana, inaingia estate, inapita panya route moja mpaka nyingine, na inatokea stage ya mbele ikiwa imechelewa wakati hakuna mtu anaitarajia.

Kuchelewa peke yake si shida. Shida ni kwamba seli ya misuli ikishapiga lazima ipumzike karibu robo sekunde kabla ikubali kupiga tena, na hio ndio inafanya wimbi moja lipite na kuisha. Sasa hii stima iliyochelewa ndani ya kovu inatoka upande wa pili na kukuta misuli imeshapumzika, iko tayari, inaiamsha tena, wimbi linazunguka kovu na kuingia tena pale lilipoanzia, na linazunguka tena, na tena. Moyo unaenda mbio bila jenereta yake ya kawaida kuambiwa chochote. Hio ndio unaona kwa mama, au angalau ndio sababu ya kwanza ambayo daktari wake anaifikiria.

Kuna sababu ya pili na hii ndio inajibu lile neno lako "imekufa". Kovu lina seli hai. Mayofaibroblasti wanaweza kukaa kwenye kovu miaka mingi, na hawa watu wana chaji yao pia, ni vile tu ni ndogo, ukiwapima ndani mara nyingi unakuta hasi 20 mpaka hasi 40. Hawawezi kupiga, hawana zile geti za sodiamu za kutosha kuwasha wimbi. Lakini wakishikana na seli ya misuli kwa vitundu vya koneksini wanaanza kuivuta. Fikiria betri iliyojaa umeiunganisha na betri iliyokwisha nusu, iliyojaa inashuka. Seli ya misuli iliyozoea kukaa hasi 80 inavutwa juu, labda hasi 70, labda hasi 60, na hapo mambo yanaharibika kwa njia ya ajabu kidogo.

Maabara ya Stephan Rohr huko Bern, Uswisi, walipanga seli za moyo wa panya kwa mistari myembamba ndani ya kisahani halafu wakaziwekea mayofaibroblasti juu, wachache wachache wakiongeza. Wakiwa wachache stima ilienda mbio zaidi kidogo, kwa sababu misuli imesogezwa karibu na kizingiti cha kupiga. Wakizidi, stima ikapungua kasi na ikaendelea kupungua, kwa sababu zile geti za sodiamu zikikaa kwa chaji isiyo hasi ya kutosha zinajifunga, na zilizobaki hazitoshi kusukuma wimbi. Hio ilikua 2006. Mwaka uliofuata wakaonyesha kitu ambacho mimi nilikisoma mara mbili: mistari iliyojazwa mayofaibroblasti ilianza kupiga yenyewe, bila kuguswa na mtu. Taa inawaka-waka yenyewe, fundi, ile uliniambia haiwezekani.

Nikwambie ukweli pia kwamba hio ni kisahani na seli za panya wachanga, na ndani ya kifua cha mtu kuna mengi zaidi. Ndio maana kuna watafiti waliokua wanasema kushikana huko ni mambo ya kisahani tu. Nitaieleza hapo chini kwa kijana wa campus.

Kwa mama: kama moyo ukienda mbio anaona kizunguzungu, anaanguka, au kifua kinabana, hapo hamsubiri tarehe ya kliniki, mnaenda casualty saa hio hio. Na dawa asiache hata akijiskia poa. Muulize daktari kama hio picha ilikua MRI ya kutumia gadoliniamu, manake hio dawa inajikusanya pale penye kolajeni na kovu linaonekana jeupe, hata njia zilizobaki katikati yake wakati mwingine zinaonekana.

SWALI: Mwalimu, niko mwaka wa pili wa udaktari. Notsi zetu zinasema tishu unganishi ya moyo ni kihami, yaani inazuia stima isipite mahali hapafai. Halafu mwenzangu akaniambia faibroblasti zinapitisha stima. Tumebishana mpaka tukanuniana. Nani yuko sawa? (Mwanafunzi, Ngong Road)

JIBU: Msinuniane, nyote mko sawa, na hata mimi nilifundishwa kama wewe. Nilifundisha hivo hivo miaka kadhaa, nikichora seli za misuli kama mawe ya kujengea na faibroblasti kama simiti katikati, na nikikumbuka wale wanafunzi natamani niwaite wote darasani tena niwachoree upya.

Upande wako kwanza. Kati ya vyumba vya juu na vya chini vya moyo kuna sahani ya tishu unganishi ambayo pia ndio inashika vali. Hio ni kihami cha kweli kabisa. Stima inatoka juu na mlango wa kupita ni mmoja tu, kinundu cha AV, kile kilichoelezwa na Mjapani Sunao Tawara mwaka 1906, na hapo inacheleweshwa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde ili damu ishuke chini kabla vyumba vya chini havijakaza. Mtu akizaliwa na kauzi kamoja ka misuli kalikopita ndani ya hio sahani mahali hapafai, stima inapata njia ya mkato na moyo unaweza kuenda mbio vibaya sana. Huo ugonjwa una majina ya Wolff, Parkinson na White walioueleza mwaka 1930. Kwa hivo kihami si jambo dogo.

Lakini kolajeni na seli iliyoitengeneza ni vitu viwili, na hapo ndio ubishi wenu ulipotea. Kolajeni haipitishi. Seli inaweza. Mwaka 2003 ile timu ya Bern waliacha pengo kati ya misuli na misuli, wakalijaza faibroblasti peke yake, na stima ikavuka mpaka umbali wa mikromita 300, chini ya theluthi ya milimita. Faibroblasti haikupiga, iliipokea ile chaji ikaipitisha tu kama ndoo inayopitishwa mkono kwa mkono, ikafika upande wa pili imechelewa sana na imechoka, lakini ikafika na ikatosha kuamsha misuli. Na 2004 Patrizia Camelliti, Peter Kohl na wenzao wakaangalia jenereta ya moyo wa sungura, kinundu cha SA, wakakuta faibroblasti zimeshikana zenyewe kwa zenyewe na pia na seli za misuli, koneksini 40 kati yao wenyewe na 45 pale wanaposhikana na misuli, na ukiingiza rangi inayong'aa ndani ya seli moja inasambaa kwa jirani.

Walioshuku walisema sawa, sungura, kisahani, lakini nionyeshe kwa moyo unaopiga. Ikachukua muda. Jawabu nililolipenda lilikuja 2016, timu ya Alexander Quinn na Kohl wakitumia panya waliobadilishwa jeni ili protini inayong'aa kulingana na chaji itokee kwa seli ambazo si misuli tu. Wakauumiza moyo kidogo kwa baridi, wakasubiri kovu lijijenge, wakaangalia. Pembeni ya kovu zile seli zisizo misuli zilikua zinapanda na kushuka chaji kwa mdundo wa misuli iliyo karibu. Haziwezi kufanya hivo peke yake, ina maana zimeunganishwa. Mimi kwangu hapo mjadala wa "je, zinashikana?" ulifungwa kwa panya, na uliobaki ni wa kiasi gani, wapi, na kwa ugonjwa gani.

Halafu 2017 kikundi cha Matthias Nahrendorf kule Boston wakaongeza mtu ambaye hakuna aliyemwalika, makrofaji, seli ya kinga, ile inayokula takataka. Kwenye kinundu cha AV wakaikuta imeshikana na misuli kwa koneksini 43, na walipoziondoa makrofaji kwa panya stima ikakwama kati ya juu na chini. Seli ya kinga inasaidia moyo kupiga! Ningekua na uwezo hio ingekua kwa kitabu cha shule ya upili.

Na kitu kingine ukisoma vitabu vya zamani utaona wanasema faibroblasti ndio seli nyingi zaidi moyoni. Iangalie vizuri hio. Misuli inachukua kama robo tatu ya ujazo lakini ukihesabu kichwa kwa kichwa si nusu ya seli, hapo vitabu viko sawa. Ila hesabu mpya za 2016 kwa panya zilionyesha wengi wa hao wengine ni seli za kuta za mishipa ya damu, na faibroblasti ni chini ya asilimia 20 ya seli zisizo misuli. Wachache, na bado wanasumbua hivo. Kwa mtihani andika hivi: kolajeni inazuia, seli inaweza kuunganisha, halafu eleza zote mbili, na mwalimu akikukata alama mwambie akuonyeshe wapi umekosea.

SWALI: Mtoto wa dadangu ana miaka 14, aliambiwa ana homa ya baridi yabisi imeingia kwa moyo. Anachomwa sindano kila mwezi na analia. Sasa wanasema moyo unapiga ovyo ovyo bila mpangilio. Mimi siamini kidonda cha koo kinaweza leta hayo. Tuendelee na sindano kweli? (Shangazi, Kawangware)

JIBU: Dadangu, endeleeni. Hata moja msikose, nakuomba kama mtu wa nyumbani. Najua ile sindano inauma, mtoto anatembea akichechemea siku mbili, lakini ndio imesimama mlangoni.

Kile kidonda cha koo kinaletwa na bakteria wa aina ya streptokokasi, na mwili wa watoto wengine ukipigana nao unajichanganya unaanza kupiga vali za moyo wake wenyewe. Vali ya kushoto, mitrali, inakua nene, ina makovu, inakataa kufunguka vizuri. Damu inarundikana chumba cha juu upande wa kushoto, chumba kinavutika kama puto. Na hapa ndio stima inaingia: faibroblasti za vyumba vya juu zinahisi kuvutwa, zina milango ya ioni inayofunguka ukuta ukinyooshwa, chaji yao inabadilika na pia wanaanza kumwaga kolajeni katikati ya nyuzi za misuli. Chumba kimekua kikubwa, stima imekatwakatwa na kolajeni, mawimbi madogo madogo yanazunguka kila mahali bila mkubwa. Ndio kupiga ovyo ovyo. Kwa chumba kisichokaza vizuri damu inasimama, inaweza kuganda, donge likipanda kichwani ni kiharusi, ndio maana wengine wanapewa dawa ya kufanya damu isigande na wanapimwa mara kwa mara.

Sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 haiondoi kovu lililoko. Inazuia koo lingine, na kila koo lingine ni kovu lingine juu ya lile. Tafadhali na watoto wengine wa nyumba hio wakiumwa koo na homa wapelekwe wakaangaliwe, msiwape mabaki ya dawa.

Magonjwa ya kovu la moyo si ya kigeni kwetu huku. Hata ule ugonjwa ambao ngozi ya ndani ya moyo yenyewe inajaa kolajeni mpaka vyumba vinakua vidogo ulielezwa hapa jirani, Kampala, na J. N. P. Davies mwaka 1948, kutokana na wagonjwa wa Uganda. Huwa nawaambia wanafunzi wangu, mkitaka kujua tishu unganishi inaweza kufanya nini kwa moyo hamna haja ya kupanda ndege.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, umri 71. Moyo wangu unapiga 38 kwa dakika na naona giza nikisimama. Wanataka kuniwekea pesmeka. Sijawahi kupata shambulio la moyo wala presha. Kovu langu limetoka wapi? (Mzee, Ngara)

JIBU: Mwalimu wangu, heshima kwanza. Kovu si lazima litokane na kidonda. Kinundu cha SA kimefungwa ndani ya tishu unganishi tangu mtu azaliwe, na umri ukienda hio tishu inaongezeka na seli za kupiga mdundo zinapungua. Wakati mwingine ni zile njia za chini ya kinundu ndizo zinageuka kolajeni polepole, Lenègre kule Ufaransa na Lev kule Marekani walieleza hilo kila mmoja kivyake mwaka 1964, na ni moja ya sababu kubwa wazee wanawekewa pesmeka. 38 na giza ukisimama si kitu cha kungoja, mzee wangu, kubali.

Nikupe na jambo moja ambalo huenda hawatakueleza pale. Ncha ya waya wa pesmeka ikigusa moyo, faibroblasti wanakuja wanaizungushia kolajeni, kama wanavyofanya kwa kitu chochote kigeni. Ile kolajeni haipigi, kwa hivo mashine ingelazimika kutumia nguvu zaidi na betri ingeisha haraka. Ndio maana nyaya nyingi za siku hizi zina dawa ya steroidi kidogo kwenye ncha, inatoka polepole na kutuliza uvimbe ili ganda liwe jembamba. Kwa hivo hata waya wako unajadiliana na seli hizi hizi.

SWALI: Ndimu na kitunguu saumu maji moto asubuhi, inasafisha makovu ya moyo? (Mama, Kayole)

JIBU: Hapana mama. Kunywa kama unapenda ladha. Kinachosaidia ni kuzuia kovu lisiongezeke, na hapo dawa ziko. Mwili una homoni za angiotensini na aldosteroni ambazo zinapandisha presha na pia zinawachochea faibroblasti wamwage kolajeni, na dawa kama enalaprili na spironolaktoni zinakata huo mnyororo. Mwaka 1999 utafiti mkubwa wa spironolaktoni kwa watu ambao moyo umeshindwa kabisa ulionyesha vifo vilipungua kwa asilimia 30, na inaaminika sehemu ya faida ni kupunguza kolajeni. Vidonge hivo viwili ni vya zamani na havina jina kubwa. Kama umeandikiwa, meza kila siku, na uende kupimwa potasiamu na figo vile umeambiwa, manake spironolaktoni inapandisha potasiamu na hio nayo inagusa stima ya moyo moja kwa moja.

SWALI: Kakangu moyo unapiga bila mpangilio, ameambiwa anaweza kuenda kuchomwa ndani ya moyo kwa waya ili utulie. Si kuchoma ni kuweka kovu? Na si umesema kovu ndio shida? (Msomaji, South B)

JIBU: Umeshika kabisa! Ni kovu, na wanaliweka makusudi. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na timu yake ya Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba kwa wengi wenye huo ugonjwa fujo inaanzia kwa mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni, pale inapoingia chumba cha juu cha kushoto. Kuna misuli ya moyo imeingia ndani ya ile mishipa kama mkono wa sweta, na inapiga ovyo. Daktari anapitisha waya kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, anachoma vidoti vidoti kuzunguka mdomo wa mshipa, misuli pale inakufa, faibroblasti wanakuja, wanaweka kolajeni, na ukuta unajengeka. Fujo inabaki ndani ya mshipa inapiga peke yake, na chumba hakiskii tena.

Tofauti na kovu la mamake fundi ni moja. Kovu zuri la kuzuia lazima lifunge duara lote. Likibaki na kanjia kembamba ka misuli hai katikati ya vidoti viwili, stima inapita hapo, polepole, vile vile inavyopita kwa kovu la shambulio, na ugonjwa unarudi. Wagonjwa wengine wanarudishwa mara ya pili, na ile siku daktari anakua anatafuta hako kanjia. Kakako aulize kabla ya kusaini: mtapima vipi kama duara limefunga, na nikirudiwa na fujo baada ya miezi mitatu mtafanya nini. Wiki za kwanza kupiga ovyo kunaweza kutokea hata kama kazi ilienda vizuri, kwa sababu pale palipochomwa bado pamevimba na kolajeni ndio inaanza kuwekwa.